Mara Tatu kwa Sauti Ileile

Mlango wa studio ulikuwa na taa nyekundu juu yake, na taa hiyo ikiwaka hata meneja mwenyewe husubiri nje. Mzee aliyefika asubuhi ile hakuijua taa wala maana yake. Aliusukuma mlango, akaingia na aproni yake ya ngozi, kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni kwa kamba, akasimama katikati ya chumba.

"Nani kati yenu anaitwa Dada Neno?"

Fundi mitambo aliruka kutoka kwenye kiti kama aliyekalia msumari. Bahati nzuri lililokuwa hewani wakati huo lilikuwa tangazo la sabuni, na vipaza sauti vyote vilikuwa vimezimwa.

"Mzee, hapa haingiwi hivi!"

"Nimeshaingia," alisema yule mzee. "Dada Neno ni nani?"

Binti aliyekuwa akikusanya karatasi zake mezani alisimama. "Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye yule mwizi."

Fundi mitambo alicheka, kisha akaona amecheka peke yake, akanyamaza.

"Mwizi gani tena, baba?"

"Wa kwenye ngazi za posta. Fundi saa. Jana umenitangaza, nikaona leo nijilete mwenyewe, msije mkapata tabu ya kunitafuta."

Dada Neno alikaa chini taratibu. Jina hilo alipewa na wasikilizaji wake, kwa sababu kila asubuhi, mara tu baada ya taarifa ya habari, aliwafundisha neno moja la Kiingereza. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliotangulia na kazi hii aliipenda kuliko usingizi. Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza anataja neno, halafu maana, halafu matumizi, mwisho anatoa mfano. Mfano anausema mara tatu, na kila mara ananyamaza kidogo ili wasikilizaji waliopo jikoni, dukani na kwenye viti vya kinyozi waurudie kwa sauti. Mara ya kwanza, alikuwa akiwaambia, sikio linashangaa. Mara ya pili ulimi unajaribu. Mara ya tatu neno linaingia na halitoki.

Jana neno lilikuwa "accuse", kushutumu.

Mifano yake hakuichukua kwenye vitabu. Vitabu vilikuwa na watu wasiokuwepo, wanaokunywa chai kwenye bustani zisizokuwepo. Yeye aliiokota njiani akija kazini. Muuza magazeti alishaingia kwenye mfano, dereva wa gari la taka pia, na wenyewe walikuwa wakimpungia mkono kwa furaha. Jana alipita kwenye ngazi za posta, akamwona mzee mmoja amebana kioo kwenye jicho, ameinamia saa ndogo kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Alimpenda papo hapo. Akaenda naye studio kichwani mwake, akamtumbukiza kwenye sentensi ya Kiingereza: watu wanamshutumu fundi saa wa kwenye ngazi za posta kwamba anaiba. Mara tatu.

"Baba, ule ulikuwa mfano tu," alisema. "Haikuwa habari."

"Nani atajua haikuwa habari? Umeisema ukitoka kwenye habari."

Fundi mitambo aliangalia dari.

"Watoto wa shule wanapita mbele ya meza yangu wanaimba Kiingereza chako," mzee aliendelea. "Kiingereza mimi sikijui sana. Lakini 'watchmaker' nalijua, limeandikwa kwenye kibao changu tangu ndevu hazijaota. Nikamuuliza mmoja, mjukuu, mnaimba nini? Akanitafsiria vizuri kabisa. Umemfundisha vizuri mno, mwanangu. Hilo nakupa."

"Nisamehe, baba."

"Sijaja kuombwa msamaha. Sikiliza kwanza." Alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Wewe ukipeleka kiatu kwa fundi, unakiona kiatu chako. Ukileta saa kwangu, nini unakiona? Unaona uso wake. Matumbo huyajui. Naweza nikatoa gurudumu zuri nikaweka bovu, ukaondoka ukinishukuru. Ndiyo maana sisi mafundi saa tunafungua saa mbele ya mwenyewe, meza ikiwa wazi, mikono juu ya meza. Tangu nianze kazi sijawahi kufungua saa ya mtu nikiwa nimemgeuzia mgongo. Jana jioni mama mmoja alikuja kuchukua saa yake kabla sijaitengeneza. Akaniambia, ngoja kwanza, nitaleta siku nyingine. Akaifunga kwenye leso, akaikumbatia hivi." Alionyesha kwa mikono yake miwili kifuani.

Dada Neno aliona aibu ikimpanda hadi kwenye masikio, lakini hakuangalia pembeni.

"Na kuna la stesheni," mzee alisema. Sauti yake ilishuka. "Saa kubwa ya mnara wa stesheni ya treni imesimama miaka mingi. Nimewafuata wakuu wa stesheni mpaka wakanijua kwa kikohozi. Mwishowe wakakubali nipewe ufunguo wa mnara niitengeneze. Leo asubuhi karani wao kanipigia simu. Anasema kamati inakaa kesho, kuna maneno wameyasikia, wataamua upya. Maneno gani? Kasema, ya redioni. Binti, ile saa nimeitamani tangu nikiwa mwanafunzi wa marehemu baba yangu. Nataka uyatoe maneno yako."

Tayari Dada Neno alikuwa na jibu. Kichwa chake kilikuwa kimejengwa hivyo: mtu akimletea tatizo, yeye anatafuta kitenzi. Alilifungua kamusi lake kubwa, kurasa zikakaa zenyewe mahali alipotaka.

"Baba, kuna neno lenyewe. 'Retract'. Maana yake ni kuiondoa kauli uliyoitoa mbele ya watu. Kesho ndilo litakuwa neno la siku. Halafu mfano nitasema: mwalimu wa redio alifuta kauli yake kuhusu fundi saa wa kwenye ngazi za posta. Watu wote watasikia, na watajifunza hapohapo."

Alitabasamu. Ulikuwa mpango mzuri, aliona.

Mzee hakutabasamu. "Huo ni nini?"

"Ni mfano, baba."

"Na ule wa jana?"

Dada Neno aliangalia kamusi.

"Wa jana ulikuwa mfano na haukuwa kweli," mzee alisema. "Kesho unatoa mfano mwingine. Watu watajuaje kwamba huu ndio wa kweli? Mimi nimechoka kuwa mfano wako, mwanangu. Nataka useme kama mtu anayesema. Useme mimi. Useme, nilitunga, si kweli."

Fundi mitambo alijifanya anapangusa vumbi kwenye vitufe vyake.

"Nitasema kesho," alisema Dada Neno. "Saa ileile, baada ya habari, kabla ya somo. Kwa mdomo wangu."

"Mara ngapi?"

"Mara ngapi vipi?"

"Uliniita mwizi mara tatu."

"Basi mara tatu."

"Na ule ukimya? Ulinyamaza ili watu wanijibie. Mji mzima ukasema mwizi. Na kesho unyamaze vilevile, wajibu."

"Nitanyamaza vilevile. Nakuahidi."

Mzee alimtazama kwa muda, kama alivyokuwa akitazama saa kabla ya kuamua ataifungulia wapi. Kisha akasimama. "Nitawaambia stesheni wafungue redio," alisema, akatoka akiacha mlango wazi.

Fundi mitambo aliufunga. "Dada'ngu," alisema, "hilo neno lako, nisomee tena."

Alimsomea. Kamusi lilisema pia kwamba ni kitenzi hichohicho kinachotumika paka anaporudisha kucha zake ndani.

"Kwa hiyo paka kanikwaruza, halafu karudisha kucha. Mimi kidonda kinapona?"

"Hakiponi."

"Basi neno lenyewe la bure."

"Si la bure. Kidonda kinapata nafasi ya kupona, maana anayekwaruza kaacha." Alilifunga kamusi. "Halafu kuna jambo nilitaka kuwaambia wasikilizaji. Pesa zako benki unaweza kumtuma mtu akakutolee. Kauli huwezi kumtuma mtu. Inaondolewa na aliyeiweka."

"Haya, iondoe," alisema fundi mitambo. "Ila umesahau kitu. Kesho si ndiyo siku ya wageni?"

Kweli alikuwa amesahau. Kwa dakika zile chache, katika shauku yake ya kurekebisha, ilikuwa imemtoka kabisa kwamba kesho wangekuja watu wawili kutoka redio kubwa, ile inayosikika nchi nzima, kukaa nyuma ya kioo na kusikiliza kipindi chake. Wakikipenda, wangekichukua. Mwalimu mmoja, nchi nzima, kila asubuhi. Alikuwa amekiombea kipindi hicho tangu siku ya kwanza.

*

Meneja alikuwa mtu mwema aliyeogopa mambo mawili tu, umeme kukatika na watu kulalamika. Alimsikiliza Dada Neno mpaka mwisho huku akizungusha kalamu.

"Redio haifuti kauli," alisema. "Tukifuta ya jana, keshokutwa watauliza ya juzi. Mwanasiasa mmoja akija hapa na orodha yake tutafuta mpaka jina la kituo."

"Hii si ya kituo, bosi. Ni yangu."

"Basi iseme keshokutwa. Wageni wakiwa wameondoka."

"Kamati inakaa kesho."

"Msomaji wa habari ataisoma jioni. Sauti nzuri, ana heshima zake."

"Hakuiweka yeye. Na wanaonisikiliza mimi asubuhi, jioni hawapo."

Meneja aliweka kalamu chini. "Mdogo wangu, unajua kipindi chako kina dakika ngapi. Mara tatu, na ukimya kila mara, na maelezo. Somo litabaki wapi? Wale watu hawaji kukusikia ukijitia adabu. Wanakuja kusikia somo."

"Najua."

"Mimi sikukatazi. Lakini sikubebi. Wakiondoka wameudhika, usije kulia ofisini kwangu, zulia jipya."

"Sitalia, bosi," alisema Dada Neno. Alisema kweli. Alikuwa na uhakika kwamba mambo yote mawili yangewezekana akiyapanga vizuri: ataondoa kauli haraka haraka, kisha somo fupi, safi, kama kisu. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliyapima maneno, akikata hapa na kuunganisha pale. Labda mara ya pili na ya tatu angeziunganisha. Labda ukimya ungekuwa mfupi kidogo. Mzee asingekaa na saa mkononi kupima ukimya. Kisha akakumbuka ni mzee wa kazi gani, akacheka peke yake barabarani.

Alikaa na shangazi yake, mdogo wa baba, mwenye saluni ya nywele kwenye chumba cha mbele cha nyumba. Alimkuta anamsuka mteja wa mwisho, redio iko juu ya rafu katikati ya makopo ya mafuta.

"Mwalimu karudi!" alisema shangazi. "Niambie, yule mwizi wako kashakamatwa?"

Mteja alicheka, kichwa kikavutwa. "Tulia wewe, utanipotezea mstari," shangazi alimwambia.

"Shangazi, hakuna mwizi. Nilitunga."

"Mimi nakujua, unatunga tangu una meno mawili. Lakini humu saluni leo wamekuja wanne, wote wananiuliza, shangazi yake, kaiba nini? Nawaambia sijui. Wanaona nawaficha."

Dada Neno alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaeleza yote: mzee, kamati, ahadi, wageni, jinsi alivyopanga kufupisha. Shangazi aliendelea kusuka. Alipofika kwenye ncha ya msuko, aliifunga, akamgeukia.

"Ngoja nikwambie kitu, usikasirike. Ile saa ya marehemu mume wangu, si unajua imekufa? Jana nilikuwa nimeshaitia kwenye pochi niipeleke posta. Nikakusikia. Nikaitoa."

"Shangazi!"

"Niliitoa, ndiyo. Mimi niliyekulea. Ninayejua unatunga. Nilijisemea, huyu anatunga, lakini huenda kasikia kitu huko mjini. Mkono ukaitoa wenyewe." Alichukua chanuo, akaanza kutenga nywele nyingine. "Sasa kama mimi iliniingia, hao wengine je? Mimi sifahamu mambo ya redio. Lakini ile sentensi yako bado inanizunguka kichwani, najikuta naisema nikiosha vyombo. Sasa wewe unataka kuiondoa kwa kufupisha."

Mteja alisema chini kwa chini, kama mtu anayeogopa kupigwa na chanuo, "Hata mimi ninaijua." Akaisema yote, kwa Kiingereza, bila kosa hata moja.

Dada Neno hakucheka. Alienda chumbani kwake, akachukua karatasi aliyokuwa ameandika mpango wake wa kufupisha, akaigeuza upande wa pili na kuandika upya. Somo lilibaki mistari michache. Sehemu ya juu aliiacha na nafasi zake zote za kunyamaza, kila moja kwa urefu uleule aliouzoea.

*

Asubuhi wageni walifika mapema, mwanamke mwenye miwani na kijana wa kuandika, wakakaribishwa viti nyuma ya kioo. Meneja alikuwa amevaa koti. Fundi mitambo alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu.

"Ukimya wako ule," alinong'ona akimrekebishia kipaza sauti, "mimi roho inanitoka. Hewa tupu redioni ni kama jiko limezimika. Usirefushe sana."

"Kama siku zote, kaka. Kama siku zote tu."

Habari zikaisha. Taa nyekundu ikawaka.

"Habari za asubuhi," alisema. "Hapa ni Dada Neno. Leo kabla ya neno nina la kwangu. Juzi niliwafundisha mfano uliomtaja fundi saa wa kwenye ngazi za posta kwamba anaiba. Nilitunga. Sikusikia jambo hilo kwa mtu yeyote, na halikutokea. Nilimwona njiani anafanya kazi yake mbele ya watu, mikono juu ya meza, na mimi nikamchukua bila kumuuliza nikamweka kwenye ubaya. Kauli ile naiondoa. Niliisema mara tatu na nyinyi mkairudia mara tatu, kwa hiyo leo tutasema pamoja mara tatu. Fundi saa wa kwenye ngazi za posta si mwizi."

Akanyamaza.

Nyuma ya kioo, mwanamke wa miwani aliinua nyusi, akamtazama meneja. Meneja alitazama viatu vyake. Ukimya ulikwenda, ukaendelea kwenda. Dada Neno alikuwa ameuzoea. Siku zote aliujaza kwa kuwawazia wasikilizaji. Aliwaona walioinamia sufuria, waliopo kwenye foleni, watoto wanaotafuta soksi.

"Mara ya pili. Fundi saa wa kwenye ngazi za posta si mwizi."

Akanyamaza tena. Simu ya studio iliwaka taa. Fundi mitambo akaipokea, akasikiliza, uso ukamchanua. Akabonyeza kitufe, sauti yake ikaingia kwenye hedifoni za Dada Neno peke yake.

"Mkuu wa stesheni yuko kwenye simu. Wamekaa kikao, redio iko mezani. Anasema wamesikia, wametosheka, mzee anapewa ufunguo leo leo. Yuko nao palepale, namsikia anapenga kamasi. Imetosha, dada'ngu! Ingia kwenye somo!"

Ufunguo umepatikana. Dada Neno aliangalia saa ya ukutani. Muda uliobaki ulitosha. Ulitosha somo zima: neno, maana, matumizi, hata ule utani wa paka. Nyuma ya kioo meneja naye alikuwa ameshapata habari, maana alikuwa akizungusha mkono hewani, songa, songa. Mwanamke wa miwani alikuwa amefungua kalamu yake. Kijana alikuwa amenyoosha mgongo. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya hili.

Hakuna ambaye angemlaumu. Mzee mwenyewe alikuwa stesheni, amepata alichokitaka, huenda hata hakuwa akihesabu tena.

Lakini mkuu wa stesheni alikuwa mtu mzima aliyekaa kwenye kiti, aliyeelewa kwa mara ya pili. Dada Neno aliwajua wanafunzi wake. Mara ya pili ulimi unajaribu tu. Kuna mtoto ambaye sasa hivi alikuwa ameshika nusu ya sentensi, na ile nyingine, ya juzi, anayo nzima. Kuna mama mwenye saa kwenye leso aliyefungua redio dakika hii. Na alikuwa amesema tatu. Hakuwa amesema tatu mpaka itakapotosha.

Alimtazama fundi mitambo, akatikisa kichwa. Fundi mitambo alifumba macho kama mtu anayengoja sindano.

"Mara ya tatu," alisema Dada Neno, taratibu, kila neno na nafasi yake. "Na hii ndiyo inayoingia na haitoki. Fundi saa wa kwenye ngazi za posta si mwizi."

Nyuma ya kioo mwanamke wa miwani alifunga kalamu. Alimwambia meneja jambo, kwa adabu, akaangalia saa yake ya mkononi, akasimama. Kijana naye akasimama, akikunja karatasi ambayo hakuwa ameiandika kitu. Meneja aliwafungulia mlango.

Dada Neno aliwaona wakitoka. Alikuwa bado ndani ya ule ukimya wa tatu, na fundi mitambo alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe cha muziki, akimsihi kwa macho aufupishe. Yeye aliinua kiganja: subiri. Aliuacha ukimya ukae, kwa urefu wake wote, mpaka akawa na hakika kwamba hata yule anayechelewa kuliko wote, aliyeko kwenye redio yenye mikwaruzo kuliko zote, ameshamaliza kusema.

Kisha akasogeza mdomo karibu na kipaza sauti, aanze ile mistari michache ya somo iliyobaki.